Hodi ya Mahameni

Watu wa Kitongani hawaingii mahameni bila kupiga hodi. Mtoto wa pale hufundishwa hodi hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na wengi hawakuwahi kuwa na viatu vya kamba. Ukifika pale mchanga mweupe unapokwisha na udongo mweusi unapoanza, unasimama, unavua kandambili, unasema: "Hodi wenyewe. Mie mgeni, napita tu." Unangoja kidogo, kama anayengoja mlango ufunguliwe, kisha unaingia kuokota kuni zako. Aliyesahau hurudi na homa, au huzunguka mle mpaka jua lizame akiona ukuta ule ule. Waliosahau wanajulikana kwa majina, na wajukuu zao wanatajiwa mpaka leo kama mfano wa kukosa adabu.

Mahame yenyewe, huko mbele ya Mjimwema ukielekea kusini, si makubwa. Kuna ukuta mmoja wa msikiti, ule wa kibla, mizizi imeingia mihrabuni ikatokea upande wa pili. Kuna kisima cha matumbawe, na makaburi ya kale yaliyopachikwa vibakuli vya kijani, vingi vimebanduliwa siku nyingi. Mawe na vigae, basi. Na ukimuuliza mtu yeyote wa Kitongani ni ya nani, atakujibu bila kufikiri: Wadebuli. Walikuja na vyombo vyao kutoka ng'ambo, wakajenga, wakala kwa sahani za Kichina, mvua zikakatika, wakarudi kwao. Hakuna aliyewahi kumwona Mdebuli hata mmoja, wala aliyejua Debuli iko upande gani wa dunia. Haidhuru. Pwani yote hii imefundishwa kusema hivyo, jiwe la mgeni na udongo ndio wetu, nayo ikasema kwa moyo mkunjufu karne na karne, kama mtu anayemkabidhi mwizi ufunguo kisha akamwombea safari njema.

Somoe binti Mfaume alizaliwa nje tu ya ule ukuta wa msikiti. Kitongani nzima ilikuwa pale, nyumba za fito na udongo zimeyazunguka mahame kama vifaranga, mpaka mwaka wa Operesheni. Mwaka huo yalikuja malori na vijana waliojaa nyimbo. Wakaezua makuti mbele ya wenye nyumba ili mtu asije akarudi kwa siri, wakawapakia watu na vyungu vyao, wakawamwaga kando ya barabara wapate shule, maji na zahanati. Shule ilikuja, darasa moja lisilo na dari. Zahanati bado iko njiani. Kule nyuma mvua ilizipiga nyumba misimu miwili mitatu zikarudi kuwa udongo, maana ndiyo tabia ya nyumba ya maskini, haiachi gofu. Yakabaki yale ya mawe peke yake, na ambaye hakuwapo angeweza kuapa kwamba pale hapajawahi kuishi mtu mwingine.

Alichokiacha Somoe kule ni minazi, mikorosho, na Raudha.

Raudha alikuwa kifungua mimba wake. Surua ilimchukua akiwa ndiyo kwanza anaanza kulitamka jina lake vizuri, akazikwa nyuma ya jiko la mama yake, kaburi dogo lenye mishahidi miwili ya mawe. Mume wa Somoe alipokufa miaka mingi baadaye alizikwa huku barabarani, na ana watu wa kumzuru. Raudha alikuwa na mmoja tu. Kila Shaabani Somoe alikwenda, akapiga hodi, akang'oa magugu, akamsomea, akakaa naye mpaka kivuli cha ukuta kigeuke.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikawa na bei, hata upepo wa baharini, na waliouza hawakuwa wale waliokuwa wakipulizwa nao. Mwaka tisini na tatu ikawa zamu ya Kitongani. Asubuhi moja mawe ya mipaka yalikutwa yamepandwa mahameni, meupe kama meno, na habari ikafuata nyuma yake: hoteli.

Bwana ardhi aliyeletwa aliitwa Gozbert, kijana wa Bukoba, mpole, anayemwamkia kila mzee shikamoo mpaka wazee wakamwonea huruma. Akaeleza kwamba hakuna atakayeonewa. Kama wapo wenyeji wa asili wa mahali pale, hoteli haiendi bila wao. Kama ni pori lililoachwa, litagawiwa. Jumamosi watatembea wote pamoja mpaka mahameni, na mwenye neno lake alisemee pale pale, juu ya ardhi yenyewe.

Farida, binti wa Somoe aliyekuja baada ya Raudha, aliposikia hayo aliiacha meza yake ya mitumba Temeke akaja kumsomesha mama yake. Walisomeshana wiki nzima, jikoni, kisimani, mpaka majirani wakawa wanaitikia.

"Mama, akiuliza wenyewe ni nani, unasemaje?"

"Ni sie."

"Na Wadebuli?"

"Siwajui."

"Hapo sawa. Rudia."

Marijani, kaka yake Somoe, aliyezijua habari za Wadebuli kuliko Wadebuli wenyewe, hakupendezwa. Alisema muungwana hadai cha marehemu. Ukisema mahame ni yako, basi na wafu wake ni wako, watakuja kukuuliza hitima zao zote ulizozisahau. Farida akamjibu kwamba kama wana ishu waje Temeke, meza yake inajulikana. Marijani alicheka bila kutaka, lakini kichwa kiliendelea kutikisika.

Jumamosi wakaenda. Mbele Gozbert, na ubavuni mwake bwana mmoja wa kampuni, mwenye miwani ya jua, ambaye tangu alipoteremka garini hakuwa ametamka neno. Nyuma yao Somoe katika doti mpya ya kanga, na nyuma ya Somoe Kitongani nzima. Somoe alikuwa analigeuza lile neno chini ya ulimi kama karafuu. Ni sie. Ni sie. Alimfikiria Raudha, akakaza mwendo.

Mchanga mweupe ukaisha.

Miguu ndiyo iliyosimama kwanza. Mkono ukashuka ukavua kandambili. Na kabla Somoe hajajua anafanya nini, kinywa chake, kile kile kilichosomeshwa wiki nzima, kikafunguka kikasema kwa sauti ya wazi, ya heshima, kama alivyosema mama yake na mama wa mama yake:

"Hodi wenyewe. Mie mgeni, napita tu."

Na nyuma yake Kitongani nzima, wazee kwa watoto, viatu mkononi, ikaitikia kwa pamoja kama amina ya Ijumaa: "Sie wageni, tunapita tu."

Gozbert aligeuka. Alikuwa kijana msikivu, hilo hakuna wa kumnyima. Akauliza taratibu, "Mama, umesemaje?"

Somoe hakuweza kujibu. Farida alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kimya kile kikawa kirefu hata kikawa ni aibu, na Marijani, ambaye hajapata kuiacha aibu isimame peke yake mbele ya mgeni, akajitokeza kukisitiri. Akaeleza kwa fahari kwamba hiyo ni hodi ya wenye mji, Wadebuli, watu wakubwa, wajenzi.

"Walikwenda wapi, mzee?"

"Walirudi kwao, bwana."

Yule bwana wa miwani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hapo ndipo Somoe alipopata sauti, na ikatoka vibaya, ndogo, ya kubembeleza. Akasema siyo hivyo, ile ni hodi tu, kila mtu huipiga. Gozbert alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, mama," akasema. "Lakini mtu hapigi hodi kwake."

Walimaliza haraka. Somoe aliwaonyesha kaburi la Raudha, wakainamisha vichwa, wakamwambia litahamishwa kwa heshima zote. Aliwaonyesha mahali nyumba yake iliposimama. Palikuwa na majani, na mbuzi wa mtu. Minazi itafidiwa, walisema, mnazi haukatai fidia.

Wakashika njia ya kurudi. Farida alitangulia peke yake, na walipofika barabarani ndipo aliposimama akamngoja mama yake. Hakupandisha sauti. "Mama," alisema, "umetuuza kwa adabu." Kisha akalia, akamfunga mama yake kanga vizuri begani iliyokuwa imeanguka, akarudi Temeke.

Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi kuhamisha makaburi. Marijani na wanaume walikuwa tayari, sanda imenunuliwa, shimo jipya limechimbwa pembeni mwa mume wa Somoe. Kila wakimwendea, Somoe anasema kesho. Chakula kilimshinda. Usingizini alisikia sauti yake mwenyewe ikipiga hodi, ikipiga, na kila inapopiga inazidi kuwa ya upole.

Katapila lilikuja Jumanne. Lilianza upande wa chini kukata mtaro wa msingi, likielekea zilipokuwa nyumba. Kitongani yote ilisikia mngurumo wake, na jua lilipopanda yote ikasikia ulivyokatika. Katapila limekufa, watu wakaambiana. Wadebuli wameliua. Wengine walicheka kwa furaha ya aliyelipiziwa kisasi na mwingine.

Somoe hakucheka. Alichukua ushungi akaenda, na wanawake wakamfuata.

Walimkuta dereva ameketi kwenye ngazi ya mtambo wake, sigara imemzimikia vidoleni. Gibson, mtu wa Tukuyu, mkubwa wa kifua. Alisimama akamwamkia Somoe shikamoo. Akasema katapila ni zima, amelizima yeye.

"Mama, mie nimekata barabara karibu nchi hii nzima," alisema. "Sijawahi kukata jiko la mtu. Hebu njoo uone."

Udongo ulikuwa umekatwa wima, kimo cha mtu na zaidi, laini kama mkate uliopitishwa kisu. Somoe aliangalia juu kwanza. Chini ya majani, kiganja kimoja tu, yalikuwa mafiga yake. Aliyatambua kama mtu anavyotambua meno yake. Lile jekundu lenye ufa alilolikandika mwenyewe, lile la tumbawe alilookota kisimani akiwa mwali, na la tatu lililokuwa likimshinda kusimama sawa. Chini yake majivu. Chini ya majivu, mafiga mengine. Hayo yalikuwa ya mama yake, hakuna wa kumwambia. Chini yake majivu tena, miiba ya samaki, maganda ya kombe, na mafiga. Halafu mengine. Halafu mengine. Yalishuka mpaka chini, matatu matatu, yamejongea kidogo hivi na kidogo vile, kama wanawake waliopanga foleni ya maji, kila mmoja kamshika mwenzake bega.

Na pembeni, katika udongo ule ule uliokatwa, ulionekana mstari mweupe wa chokaa. Ilikuwa sakafu ya msikiti, ilipoanzia. Mafiga yalikuwapo juu ya mstari ule. Mafiga yalikuwapo na chini yake. Mengi.

Kama Wadebuli walikuja, walikuta uji uko jikoni.

Somoe alinyoosha mkono akachomoa kigae kutoka chini kabisa, karibu na mchanga. Kilikuwa mdomo wa chungu, cheusi kwa masizi. Ukingoni palikuwa na alama za ganda la kombe, limebonyezwa, limebonyezwa, limebonyezwa, kisha pameachwa patupu pa upana wa kidole, kisha zimeendelea. Mama yake Somoe alikuwa mfinyanzi. Kila chungu alikipiga ganda la kombe mdomoni, na kila chungu alikiachia mwanya mmoja. Akisema ni mlango wa mvuke, chungu kisicho na mlango hupasuka. Somoe mwenyewe aliuacha mwanya huo katika kila chungu alichofinyanga, na hakuwahi kujiuliza aliyemfundisha mama yake ni nani.

Akakaa chini pale pale kwenye udongo, kigae mapajani. Wanawake walidhani kapagawa, mmoja akaanza kumpepea. Hakupagawa. Alikuwa anaiona, waziwazi kama wimbi linavyokuja, safu ndefu ya wanawake wamesimama kizingitini mwa nyumba yao wenyewe, viatu mkononi, wakiomba ruhusa kwa mama zao kwa jina la ugeni. Ni nani aliyeanza? Nani wa kwanza kusimama hapa akasema mie mgeni, na aliogopa nini, au alikuwa anamstahi nani? Na wote hao waliofuata, hata mmoja hakuuliza? Nchi nzima iliuzwa kwa hodi, na yeye ndiye aliyeipiga kwa sauti kubwa.

Gari la Gozbert likafika, kwa kuwa katapila likinyamaza mwenye fedha huamka. Aliteremka, akaja, akatazama. Shati lilianza kumshika mgongoni.

"Inasikitisha sana, mama," alisema mwishowe. "Lakini kikao kimepita. Wewe mwenyewe ulitamka kwamba ni mgeni, na kijiji kikaitikia. Nitawaambia nini sasa?"

Somoe alimtazama kutoka pale chini. Sauti aliyoikosa Jumamosi ile ilikuwa imerudi, na haikuwa ndogo.

"Mie nilikuwa nasema na wao," alisema. "Nyie mkadakia mazungumzo ya watu."

Gozbert akageuka kumwambia Gibson aendelee. Gibson alisema sawa bosi, akaanza kutafuta ufunguo mfuko huu, akahamia mfuko ule, akarudia wa kwanza, na akawa kama mtu aliyeshonewa suruali ya mifuko ishirini.

Somoe akasimama. Alitoa moja moja mafiga yake ukingoni, akashuka nayo mtaroni. Kandambili miguuni. Wanawake walisimama juu wakingoja hodi. Haikuja. Alifika chini, akayatega mafiga matatu mbele ya ule ukuta wa majivu, lile la tatu likamshinda kama zamani, akaliwekea kigae kidogo chini likatulia. Kisha akaomba kiberiti.

Moto mahameni ulikuwa haujawahi kuwashwa tangu mwaka wa Operesheni. Marijani, aliyekuwa amefika akihema, alisema astaghfirullahi, akageuka, akaondoka. Somoe alimwona akiondoka, na hilo lilimchoma kuliko yote ya siku ile. Lakini wanawake wawili walikwishashuka, mmoja na sufuria, mwingine na unga kwenye upindo wa kanga. Wa tatu alikwenda kisimani, kisima cha Wadebuli, akateka.

Kuni hazikutosha. Walikuwa wanapuliza vijiti vibichi, macho yanawatoka machozi, ndipo Marijani alipoonekana tena, mzigo wa magogo makavu kichwani. Alifika kwenye udongo mweusi akasita. Midomo ilimchezacheza, mkono ukaenda miguuni kwenye viatu. Watu wote walikuwa wanamtazama. Akalimeza lile neno, akaingia na viatu vyake.

Uji uliiva. Wa kwanza kupewa alikuwa Gibson, na Somoe alimpa kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni," alimwambia, na Gibson akapokea kwa mikono miwili, akachuchumaa pembeni kama inavyompasa mtu jikoni kwa watu.

Gozbert alikuwa anazunguka juu, huku na kule. Alihitaji kushuka, aone mawe ya mipaka yaliyofukiwa upande ule, amalize, arudi mjini. Akaja mpaka mdomoni mwa mtaro. Chini yake wanawake walikuwa wameketi kuzunguka moto, vilemba vimelegea, mmoja ananyonyesha. Alikuwa kijana aliyelelewa. Mama yake, huko Bukoba, hakumlea ovyo. Akakohoa kidogo, akatazama pembeni.

"Hodi," alisema.

Ilimtoka yenyewe. Watu waliokuwepo wanasema uso wake ulibadilika kabla sauti haijaisha, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Moto ulilia peke yake. Somoe alinyanyua macho akamtazama, na hakuwa na haraka, maana alikuwa amengoja jibu hilo tangu Jumamosi na lilikuwa limemjia lenyewe kwa miguu yake.

"Nani?" akauliza.

Gozbert akarudi nyuma, hatua moja, akaingia garini akakaa bila kuwasha.

Hoteli ilijengwa. Asidanganywe mtu kwamba uji unaweza kuzuia hoteli. Minazi ilikatwa, kisima kikafukiwa, na ukuta wa msikiti sasa una taa za rangi chini yake. Gozbert alihamishwa, na wengine wanasema aliomba mwenyewe. Lakini kabla hajaondoka alirudi na wapima, na mawe ya mipaka yakang'olewa upande mmoja yakapandwa upya. Ndiyo maana uzio wa hoteli ile, ulionyooka kama rula kutoka barabarani, unapofika karibu na ufuo unapinda ghafla, unazunguka kipande cha ardhi kisichotosha hata kuegesha magari, kisha unarudi kwenye mstari wake. Ndani ya kipindo hicho, upande wa nje, pana majivu, mafiga matatu, na kaburi dogo lenye mishahidi miwili.

Wageni wa hoteli wakitembea jioni hukiona, na huuliza kwa nini uzio umepinda vile. Askari wa getini ni kijana wa Kitongani, kazaliwa barabarani. Huwajibu bila kufikiri.

"Sijui," husema. "Watakuwa Wadebuli."